Kifaa cha Tano

Duka la kunakili karatasi lililokuwa mkabala na shule lilijaa watu hadi kizingitini, kwa kuwa ulikuwa msimu wa mitihani na kila mwalimu wa mtaa ule alikuwa na karatasi zake za kurudufisha. Mashine mbili zilinguruma, feni ya darini ilizungusha joto lile lile, na katikati ya msongamano alisimama mwanamume mrefu, shati lake jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, suruali imepigwa pasi ikasimama kama ubao. Mkononi alishika mwavuli mweusi. Nje, jua lilikuwa likiwaka bila huruma.

Binti aliyesimama nyuma yake, aliyevaa gauni la kijani kibichi na kilemba cha rangi hiyo hiyo, aliutazama mwavuli ule mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Samahani, kaka. Huo mwavuli unauza?"

"Siuzi, bibie. Mvua itanyesha kabla ya jioni."

"Nani kasema?"

"Kipimahewa. Kimeshuka tangu asubuhi."

"Kwangu mimi kilichoshuka tangu asubuhi ni salio la simu tu."

Foleni nzima ilicheka. Yule bwana hakucheka. Alizipanga karatasi zake, akazigongagonga ncha hadi zikalingana, akamwambia kwa adabu kamili kwamba atamkumbuka akilowa, kisha akatoka na mwavuli wake kichwa juu. Binti alirudi nyumbani kwa shangazi yake, akajikuta anachungulia dirishani kila baada ya kitambo. Halikudondoka hata tone moja. Hata hivyo alimkumbuka, tena alilala akimkumbuka, akiwa mkavu kabisa.

Jumatatu iliyofuata alianza kazi mpya ya uhazili katika ofisi ya shule ile. Mtu wa kwanza kuingia kuomba chaki alikuwa ni yule yule wa mwavuli. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na wanafunzi walimwita Mzee Mawingu, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Waliangaliana. Mhazili alimkabidhi boksi la chaki na kumwuliza, kwa sauti ya kiofisi, kama leo pia atahitaji mwavuli. Mwalimu alijibu kwamba leo hapana. Na jioni ile ilinyesha mvua kubwa, wakalazimika kusubiri pamoja chini ya paa la ukumbi wa shule, wote wawili wakitazama maji, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa watu wenye heshima zao. Mwalimu alimpigia simu kila jioni kumpa habari za mawingu. Mhazili alimpigia asubuhi kumwuliza kama afue. Akimwambia fua, huanza manyunyu. Akimwambia usifue, huwaka jua kutwa. Mhazili alikuwa akimtania bila kuchoka, akimwita "mtabiri wangu", na siku neno "wangu" lilipomponyoka kwa mara ya kwanza, mwalimu alisema kwamba unyevu wa hewa umepanda sana.

Siku moja mwalimu alimwonyesha sanduku lake jeupe la kupimia hali ya hewa. Lilisimama kwa miguu minne katikati ya uwanja wa nyasi, kuta zake za mbao zimeachwa mianya hewa ipite, jua lisiingie. Ndani mlikuwa na vipimajoto vinne, na chini yake nafasi tupu ya kutosha. Mwalimu alieleza kazi ya kila kimoja kwa mahaba ambayo mhazili alitamani yaelekezwe kwingine.

"Kila asubuhi, wanafunzi wakishaingia darasani, mimi huja kulifungua," alisema. "Hata niwe mgonjwa."

"Na chakula cha mchana unakula wapi?"

"Mkate. Nakula nikisahihisha."

Mhazili aliiweka habari hiyo moyoni.

Sasa, shangazi yake alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali, aliyemlea tangu utotoni, na alikuwa amekwisha kuchoka kusikia simu za mawingu. Mfanyabiashara wa magodoro wa mtaa wa pili alikuwa ameleta salamu, na pamoja na salamu godoro jipya la inchi nane. Shangazi alisema wazi: kama yuko mwanamume mwingine, aje Jumapili ajitambulishe kama watu wanavyojitambulisha, kama hayuko, Jumapili hiyo hiyo atakaribishwa mwenye magodoro. Mhazili alimweleza mwalimu kwa simu jambo lote, hakuficha hata inchi za godoro.

"Jumapili," alirudia mwalimu. "Wiki hii nina mtihani wa vitendo wa hali ya hewa. Wacha upite kwanza, kisha tutaona."

Tutaona si neno la kumpa mwanamke aliyepewa siku. Mhazili hakulala vizuri. Alfajiri aliamka, akapika wali na kuku, akavipakia katika bakuli la bati lenye kifuniko na maua mekundu ubavuni. Hakutaka kumpelekea katika chumba cha walimu, ambako kila jicho lingegeuka mdomo. Mwalimu alipokuwa darasani akigawa karatasi, yeye alipita uwanjani kwa hatua za haraka, akafungua sanduku jeupe, akaliweka bakuli chini ya vipimajoto, likifuka mvuke. Atalifungua kama kawaida yake, alijiambia, atalikuta, ataelewa, na akila, Jumapili atakuja.

Asilolijua ni kwamba siku ya mtihani mwalimu alikuwa amekwisha kusoma vipimo vyake mapema, kabla ya kengele. Kisha akaketi kwenye baraza, mgongo ameupa uwanja, ili mwanafunzi yeyote asije akasoma jibu usoni pake, akawa anawatuma mmoja mmoja sandukuni.

Jioni mhazili alilirudia bakuli lake. Lilikuwa limepoa. Wali haukuguswa. Kuku alikuwa mzima, isipokuwa paja moja, lililokwenda bila kuaga.

Alisimama palepale juani akilitazama. Kukataliwa bila kuonjwa angekuvumilia, maana mtu huweza kuwa ameshiba. Lakini kuonjwa, kipande kimoja, kisha kufunikwa? Alifunga bakuli kwa kitambaa na kuondoka, uso mkavu kama ubao uliofutwa.

Usiku ulipoingia simu ililia. Aliipokea akiwa amejiandaa kuombwa radhi.

"Nimekuwa na siku mbaya, mpenzi," alisema mwalimu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mpenzi. "Sitaki hata kuyazungumza ya sanduku. Ni dharau tupu. Sijapata kudharauliwa vile tangu nianze kufundisha."

"Dharau," alisema mhazili taratibu. "Sawa, mwalimu. Hutadharauliwa tena."

Akakata simu, akaingia jikoni, akamwambia shangazi kwamba mwenye magodoro anakaribishwa Jumapili. Shangazi akaendelea kuosha vyombo.

Kutwa nzima ya siku ya pili simu ilikuwa ikilia na mhazili akiigeuza uso chini. Siku iliyofuata mwalimu aliingia ofisini mwenyewe, macho yamemwingia ndani, akaweka mezani rundo la karatasi za mtihani na orodha ya alama za kupigwa chapa. Mhazili alizipokea bila kuinua kichwa. Alipoanza kuchapa, aliona safu nzima ya sifuri. Darasa zima, sifuri. Na mtihani ule ulikuwa nusu ya alama za mwaka. Mwenye sifuri hapandi darasa.

Akachukua karatasi ya juu. Swali lilikuwa jepesi: taja vifaa vilivyomo ndani ya sanduku, eleza kazi ya kila kimoja, soma joto. Mwanafunzi alivitaja vipimajoto vinne kwa usahihi. Kisha akaandika: *Kifaa cha tano ni bakuli. Kazi yake ni kupima mvuke.*

Mhazili aliacha kuchapa.

Karatasi ya pili ilisema kwamba bakuli hukusanya harufu ya hewa. Ya tatu, kwamba maua mekundu ubavuni huonyesha mwelekeo wa upepo. Mmoja alikuwa amelichora vizuri sana, kwa mishale. Mwingine aliandika kwa unyenyekevu kwamba hakifahamu kifaa hicho, ila amekipenda. Na karatasi ya kiranja wa darasa, msichana mwenye nidhamu kuliko walimu wengine, ilikuwa na alama ya kidole gumba cha mafuta, pembeni tu mwa maneno haya: *Kifaa cha tano kimepikwa vizuri.*

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipoyafuta, kicheko kilikuwa kimekwisha. Alielewa kila kitu kwa pamoja. Watoto hawakuwa wakifanya dhihaka, kama mwalimu alivyodhani. Mzee Mawingu alijulikana kwa mitego yake. Mwezi uliopita alikuwa amegeuza kipimio cha upepo kinyume ili aone nani atagundua. Waliliona bakuli, wakadhani ni mtego, na kuuliza swali wakati wa mtihani ni marufuku. Naye mwalimu hakulila lile paja. Hakuliona hata bakuli lenyewe.

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua bakuli ni la nani. Akisema, chumba kizima cha walimu kingejua kwamba mhazili mpya humpikia mwalimu na kumfichia chakula katika vyombo vya shule, na habari hiyo ingefika kwa shangazi kabla yake. Akinyamaza, darasa zima lingerudia mwaka kwa sababu ya wali wake.

Alilitoa begini bakuli lile, ambalo siku hiyo alikuja nalo na chakula chake mwenyewe, akalishika mikono miwili, akaenda chumba cha walimu wakati wa chai, kilipokuwa kimejaa kabisa.

"Samahani wakubwa," alisema. "Kifaa cha tano ni changu."

Vikombe vilitua mezani. Alieleza bila kupunguza neno: alikipika yeye, alikiweka yeye, na aliyepaswa kukila alikuwa amekipa mgongo. Walimu walianza kucheka kwa pua, kisha kwa mabega. Mwalimu wa hesabu alitoka nje akijishika mbavu. Mwalimu wa jiografia peke yake hakucheka. Alisimama wima, shati limefungwa hadi kooni, akaomba karatasi za mtihani. Alizipanga juu ya meza kwa kufuata zamu waliyokwenda sandukuni, akapitisha kidole. Wa kwanza alisoma joto la nyuzi thelathini na nane. Wa pili, pungufu kidogo. Wa tatu, pungufu zaidi. Likashuka hivyo hivyo, bila kuruka, hadi wa mwisho.

"Limekuwa likipoa," alisema polepole. "Na wao wamelifuata hatua kwa hatua. Hakuna aliyenakili wala aliyekisia. Katika miaka yangu yote sijapata vipimo safi kama hivi, nami nimevipa sifuri."

Alikwenda darasani papo hapo, mhazili akifuata hadi mlangoni. Aliwaambia wanafunzi kwamba yeye aliyewafundisha kuandika wanachokiona amewaadhibu kwa kuandika walichokiona, na kwamba anawataka radhi wote, kwa majina. Akawaita mmoja mmoja, akafuta sifuri zao. Kwa kifaa cha tano kila mwanafunzi alipewa nusu alama, isipokuwa kiranja, ambaye alikuwa amekula ushahidi.

Kwenye ujia, alipotoka, walikuwa wawili tu.

"Ulipika kwa ajili yangu?"

"Hapana. Kwa ajili ya vipimajoto. Niliona vimekonda."

"Paja lilikuwaje?"

"Muulize kiranja."

Mwalimu alitazama viatu vyake, kisha, kwa mara ya kwanza bila kutaja mawingu, akamtazama usoni. "Shangazi yako ameshamkaribisha mwenye magodoro?"

"Jumapili jioni."

"Basi mimi nitakuja mchana."

Alikuja kweli, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, mwavuli mkononi, na jua linapasua vichwa. Uani nguo zilizotoka kufuliwa muda huo huo zilikuwa zinachuruzika kwenye kamba, na godoro la inchi nane limeegemezwa ukutani lipigwe jua. Shikamoo ilitolewa na kupokelewa. Shangazi alimkalisha kwenye kiti kigumu kuliko vyote na kumhoji juu ya wazazi wake, kazi yake, na mkate anaokula mchana. Alijibu kila swali kama mtu aliyesoma usiku kucha. Mwishoni shangazi aliuelekeza mkono kwenye mwavuli.

"Na huo?"

"Itanyesha, shangazi. Kabla ya saa kumi."

"Leo?"

"Leo."

Shangazi aliinua macho. Hapakuwa na wingu la ukubwa wa leso. Alitabasamu kidogo, tabasamu la msahihishaji aliyeona kosa, na alikuwa karibu kusema neno. Lakini mpwa wake alikuwa ameinuka. Alikwenda kwenye kamba, akaanza kuanua. Vibanio akavitia kinywani, shuka mbichi begani, magauni mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni, akaziingiza ndani nguo zote, moja baada ya nyingine, chini ya jua lile kali. Godoro hakuligusa.

Shangazi alimtazama akienda na kurudi. Mpwa alipomaliza, tabasamu la shangazi lilikuwa limebadilika.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikuwa na maswali mengine. Naona hayana kazi tena. Waambie wazee wako waje."

Saa kumi ilifika. Jua liliendelea kuwaka. Saa kumi na moja wote watatu walizitoa nguo nje wakazianika upya, mwalimu kavua koti, vibanio kinywani, huku shangazi akimpigia simu mwenye magodoro kumwambia aje alichukue godoro lake, ni kavu kabisa.

Mvua ilinyesha Jumatatu, kubwa, ya radi. Simu ya ofisini ililia. Ilipigwa kutoka chumba cha walimu, ukuta wa pili.

"Nilikosea siku moja tu," alisema mwalimu.

Mhazili alitazama maji yakipiga dirisha, akavuta kiti.

"Nimekupa nusu alama, mpenzi," alijibu. "Njoo ule."