Jiwe Lililonata Ulimini

Kwanza kililowa kitambaa.

Kilikuwa kipande cha mahameli nyeusi kilichotandikwa ndani ya kabati la kioo, na juu yake yalilazwa mawe ya opali yanayosubiri kutiwa kwenye pete. Asubuhi hiyo Mama Lenzi alipofungua kabati alikuta mahameli yote imelala upande mmoja, imegandamana kama manyoya ya paka aliyetoka kujilamba. Akaigusa. Kidole kilipoinuka, kiliinuka na uzi mwembamba wa ute. Maji hayavuti uzi. Akanusa kidole, na papo hapo akajuta. Kilinuka kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

"Konokono," alisema mumewe, sonara, bila kuinua kichwa kwenye kazi yake. "Mvua hizi zimewaleta."

"Konokono mwenye ufunguo?" Mama Lenzi alimuuliza, kwa maana ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja tu, na ulining'inia shingoni mwake usiku na mchana.

Sonara akacheka, akaendelea kupiga tupa.

Jina la Mama Lenzi alipewa na wateja. Mumewe alitengeneza pete. Yeye alikaa dirishani na lenzi yake, akipokea mawe na kuyatolea hukumu. Opali ina moto ndani. Ukiigeuza moto unahama, wekundu unakuwa kijani, kijani kinazama kwenye buluu, na kizuri hakikosi wa kukiiga. Za plastiki hazikumsumbua. Zilikuwa nyepesi, zina joto mkononi kama kifungo cha shati, na kwa lenzi rangi zake zimepangana kama magamba ya mjusi. Za kubandika, yaani ngozi nyembamba ya opali ya kweli iliyogundishwa juu ya kitu cheusi, alizigeuza ubavu akauona mstari wa gundi, umenyooka mno, na vipovu vyake.

Kazi ilikuwa kwenye zilizopikwa. Hizo ni opali za kweli, ila zilizaliwa nyeupe, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Mtu anazilowesha kwenye shira ya sukari hadi zinashiba, kisha anazitia kwenye tindikali ya moto, sukari inaungulia humo ndani, na jiwe lililokuwa la kawaida linatoka jeusi kama la kifalme. Lenzi humwonyesha mjuzi vidoa vyeusi, mfano wa pilipili manga iliyosagwa. Na lenzi ikisitasita, Mama Lenzi alitumia ulimi, kwani jiwe lenye vitundu lina kiu. Ukiligusisha ulimi linanata.

Ulimi huo ndio ulioiponza nyumba.

Siku iliyotangulia alikuwa amekuja dalali mmoja waliyemwita Manukato, kwa jinsi alivyozoea kujimwagia marashi, akaweka mezani opali nyeusi yenye ukubwa wa jicho la mbuzi.

"Dada, hii imetoka ardhini hivyo hivyo. Weusi wake wa kuzaliwa."

"Na marashi yote hayo ya leo, ni ya kuzaliwa?"

"Joto tu, dada," alijibu, akijifuta midomo. "Joto."

Mama Lenzi akaligeuza jiwe ubavu. Hakuna mstari. Akatia lenzi. Vidoa vilikuwepo, au havikuwepo. Kila alipodhani ameviona, vilisogea. Basi akalipeleka ulimini. Likanata kama ngozi inavyonata kwenye barafu. Akavuta, likavutana naye. Akavuta tena, likatoka na ngozi ya ulimi wake, na damu iliyobaki juu ya jiwe ikazama ndani mbele ya macho yao, taratibu, kama maji kwenye mchanga. Mdomoni ikabaki ladha ya sukari iliyoungua na, chini ya sukari hiyo, ladha nyingine, ya jino bovu.

"Limepikwa," alisema, akitema kwenye leso. "Na aliyelipika hakuosha sufuria."

Manukato hakubisha, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu. Alisema atalifuata kesho, akatoka mbiombio kama aliyetua mzigo. Hakuonekana tena, na simu yake ikawa haipatikani. Jiwe likafungiwa kabatini na mengine, na ndipo asubuhi yake kitambaa kikalowa.

Baada ya kitambaa ikawa zamu ya vyombo. Kibanio cha kushikia mawe kiliteleza mkononi. Kioo cha ukumbini kilikutwa na michirizi mipana, kutoka chini kwenda juu, kama kimepakwa uji. Sabuni ya bafuni ilikonda ikawa na mabonde laini kama mfupa uliosahauliwa na mbwa. Siku nyingine ndala zilikutwa zimelowa upande wa ndani, pale panapokaa jasho la nyayo. Nyumba nzima ilianza kunuka mate yaliyokauka, harufu ya mto wa mgonjwa, na Mama Lenzi akawa hawezi kumeza chakula bila kwanza kukigeuzageuza sahanini akitafuta mng'ao wa ute.

Walikuwa watatu tu mle ndani: yeye, mumewe, na mama mkwe, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali kama wembe. Na mama mkwe huyo ndiye aliyeanza kuonekana na kitambaa kibichi mkononi, kwenye ukumbi, bafuni, nyuma ya milango. Akishtukizwa, anakificha mgongoni.

"Unatafuta nini hapo, mama?"

"Natafuta uzee wangu. Umeuona?"

Mama Lenzi akamvuta mumewe pembeni. "Mama yako analamba vitu," alinong'ona.

"Mama yangu? Mama yangu hata kijiko cha mwenzake hashiki!"

"Punguza sauti. Nimemkuta uso wake umekaribiana hivi na kioo, kioo kimelowa."

Sonara akatikisa kichwa, akarudi kukuna bendeji yake. Alikuwa ameungua kidole gumba kwa mwako wa gesi, na kidonda kilikuwa hakitaki kupona. Bendeji ilimtoka kila alipojilaza mchana. Kingo za kidonda zilikuwa safi, nyeupe, zimevimba kama samaki aliyelowekwa. Cha ajabu hakikumuuma. "Nikisinzia kinanisisimua," alisema kwa aibu kidogo. "Kama kinabembelezwa."

Mkewe akamfunga bendeji upya. Lakini naye hakuwa mzima. Tangu lile jiwe liingie, usingizi mzito ulimwangusha usiku na kila baada ya chakula cha mchana, usingizi wa gogo, na aliamka na mto umelowa, taya zinauma, ulimi umevimba hadi meno yamechora alama pembeni. Alisema moyoni kwamba ni lile jeraha la ulimini.

Kisha ukaja mchana ule.

Jua lilikuwa utosini, duka limefungwa kwa mapumziko, na Mama Lenzi alisikia sauti, mlap, mlap, mlap, sauti ya ng'ombe anayemlamba ndama wake, ya kitu kipana na chenye subira, na aliisikia karibu kiasi kwamba alijua akifungua macho atamwona mama mkwe ameinama, na akajiapiza kwamba leo atamfumania, leo mumewe ataamini. Na sauti ikazidi kukaribia, ikapita shavuni, ikaingia masikioni kwa ndani badala ya nje, na ikaja pamoja na ladha, chumvi ya usaha na utamu wa nyama mbichi na uchachu wa bendeji, na alipofumbua macho hakumwona mama mkwe wala mtu mwingine yeyote, aliona kitanda, na mkono wa mumewe aliyelala fofofo, na kidole gumba kilichobakia mfupa mweupe kwa juu, na juu ya mfupa huo, umenata, unafyonza, ulikuwa ulimi wake mwenyewe.

Alijaribu kupiga kelele. Ulimi haukuachia.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kitambaa kibichi mkononi. Alikuja haraka, akamwagia maji ya glasi pale palipogandana, ulimi ukatoka kwa mlio kama wa kizibo.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo sana. "Kumbe na kidole hiki?"

Mama Lenzi alitapika sakafuni. Alichotapika kilikuwa na manyoya meusi ya mahameli.

"Nilikuona siku ya kwanza kwenye kioo," mama mkwe alisema, akimshika paji la uso. "Macho umefumba, unalamba. Nikasema, ni mimba. Wengine hula udongo, nikafurahi, nikawa nafuta nyuma yako ili mwanangu asikuone ukaaibika. Sikujua. Wallahi sikujua."

Sonara, aliyekuwa ameamka, alitazama kidole chake, akaanza kulia kama mtoto.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mnene mwenye saluni ya nywele mtaa wa pili. Majini aliyatoa siku ambazo hakuna wateja. Alifukiza ubani, akasoma alichosoma, kisha akaushika ulimi wa Mama Lenzi kwa kitambaa, akauvuta nje. Ulikuwa umefanya weusi kwenye shina. Ulimi ulioshikwa hausemi, lakini huu ulisema, kwa sauti ya mtu mwenye koo kavu:

"Nilikaa kwenye jiwe jeupe. Nilikunywa mvua, nikalala. Wakanizamisha kwenye sukari, wakanichoma kwa tindikali. Nyumba yangu imejaa masizi. Nina kiu."

"Utatoka?" mganga aliuliza.

"Nipeni jiwe safi. Lisilopikwa, lisilojazwa. Mkinidanganya, nitamnywa huyu mpaka mifupa."

Mganga akauachia ulimi, akajifuta mikono kwenye gauni. "Majini nayajua mimi," alimwambia Mama Lenzi. "Mawe ni yako."

Basi Mama Lenzi, udenda unamchuruzika kidevuni, alimwaga opali zote mezani. Zenye magamba akazitupa kando. Zenye mstari ubavuni akazitupa. Ile nyeusi ya dalali hakuigusa. Zikabaki nyeupe chache, na hizo akazitumbukiza kwenye glasi ya maji, kwa maana ulimi haukuwa wake tena, na jiwe lenye vitundu vitupu likitiwa majini hunywa, hutoa vipovu vidogo na kuwa angavu kama kioo. Akasubiri. Ulimi ulikuwa ukimtoka wenyewe, ukijinyoosha kuelekea kwenye glasi, akalazimika kuubana kwa meno hadi damu.

Hakuna jiwe lililotoa kipovu. Yote yalikuwa yameshibishwa nta ili yasipasuke.

"Hakuna," alisema, na maneno yalitoka yamelegea kama ya mlevi. "Hakuna hata moja."

Ndipo mama mkwe alipoinua mkono wake wa kushoto. Kidoleni mlikuwa na pete nyembamba yenye jiwe lililofifia, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, ambalo Mama Lenzi kwa miaka yote alilihesabu kuwa kipande cha chupa, na kwa heshima hakuwahi kusema. Mama mkwe akapaka sabuni, akaanza kuivuta.

"Mama, hiyo ni ya baba," sonara alisema.

"Baba yako amekufa. Mkeo hajafa. Lete koleo."

Jiwe likang'olewa, likatiwa majini. Kwa muda halikufanya kitu. Kisha ukapanda uzi wa vipovu, vidogo kama mayai ya chawa, na weupe ukaanza kuyeyuka kutoka pembeni kwenda katikati, hadi ndani ya glasi kukawa kama hakuna jiwe, ila moto mdogo wa kijani umekaa peke yake chini ya maji. Mama mkwe aliutazama moto huo ambao hakuwahi kuuona tangu siku aliyovishwa pete.

Mganga akalikausha jiwe juu ya moshi, akaliweka katikati ya ulimi.

Taya za Mama Lenzi zikafunga, zikafunguka, na kila kilicholambwa kikaanza kurudi. Kilirudi na ladha yake, kimoja baada ya kingine: kutu ya kibanio, sabuni yenye nywele, jasho la ndala, usaha wa mumewe, na mwisho shira nyeusi, nzito, ya moto, inayonuka meno yaliyooza, iliyojisukuma kutoka shina la ulimi na kuingia kwenye jiwe dogo lililokuwa likinywa, likinywa, bila kuvimba wala kubadilika rangi. Ngozi ya ulimi ikabambuka yote kama ganda la kitunguu. Halafu jiwe likadondoka kwenye sahani, jeupe, limelowa, na likatulia.

Mganga hakuligusa kwa mkono. Alilipeleka mtoni, kwenye maporomoko, mahali ambapo hakuna kiu. Lile jeusi la dalali sonara alilivunja kwa nyundo. Ndani mlikuwa na masizi matupu.

Kidole gumba kilikatwa kipande, na sonara akajifunza kushika tupa upya. Ulimi wa Mama Lenzi ulipona, ukawa laini kama wa ndama, lakini ladha haikurudi. Kila mlo mama mkwe humwonjea kwanza, akamwambia, "Kula, mwanangu, chumvi imekolea," naye hula kwa kuamini. Mawe alirudi kuyatazama kwa lenzi na maji tu.

Mvua zilipokatika aliingia dukani mwanamke mmoja, mgeni, amevaa vizuri, mtoto mchanga begani. Aliomba maji kabla ya kusalimu. Akanywa, akaomba tena, akanywa, akaomba tena. Kisha akaweka mkono juu ya meza, opali nyeusi inawaka kidoleni.

"Inanibana," alisema. "Naomba muipanue. Aliyeniuzia ananiambia mawe kama haya yamebaki machache, mengine yameshanunuliwa kila mji."

Mama Lenzi hakuitazama pete. Alikuwa akimtazama mtoto, jinsi shavu lake lililoelekea mdomo wa mama lilivyokuwa limelowa, linang'aa, jekundu bila ngozi, na jinsi mtoto asivyolia.

"Hata sijui ni ukurutu gani," mwanamke alisema, akijiramba midomo. "Daktari naye hajui."

Mama Lenzi akaweka lenzi chini, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza.

"Nipe mtoto," alisema kwa upole. "Pete tutaitazama. Nipe mtoto kwanza."