Sikio Kwenye Bomba

Jumamosi ile duka la vifaa lilifurika, watu wamebanana mbele ya kaunta, kila mmoja akitaka ahudumiwe yeye kwanza. Injinia aliingia akitweta, koti jeupe la maabara mwilini, suruali imelowa hadi magotini. Aliona roli la mwisho la mpira wa kuzibia, akalidaka. Mkono mwingine ukalidaka upande wa pili.

"Dada, nimewahi mimi," alisema mwenye mkono. Alikuwa mrefu, shati la samawati limekunjwa mikono, vumbi la shaba limemganda hadi kwenye nyusi.

"Kaka yangu, niachie. Dirisha langu linavuja, maji yamejaa sakafuni."

"Dirisha linavuja na mvua haijanyesha?"

"La handaki la maji."

"Haya, umeshinda. Uongo mzuri kama huo sijapata kuusikia."

Ikabidi amweleze, huku wanasukumwa huku na huku na wenye haraka zao. Handaki lenyewe ni bomba la chuma kazini kwake, nene kama pipa, linalozunguka jengo zima. Ndani yake maji hukimbizwa kwa kasi kupita kwenye rafadha, yale mapanga ya nyuma ya meli yanayosukuma maji. Watu huchungulia mapovu yake kwenye dirisha la kioo, waone kama rafadha ni nzuri au itaharibu meli.

Jamaa akaachia roli kama limemuunguza. "Rafadha? Dada, mimi ndiye ninayezitengeneza!"

Roli zima akalipata Injinia, kwa sharti la namba ya simu. Na namba aliitoa upesi mno, mwenyewe aliona aibu.

Basi wakapendana, tena si kidogo. Simu asubuhi, simu mchana. "Bi Mapovu, umekula?" "Nimekula, Fundi wangu. Wewe je, au umeshinda unatafuna shaba?" Siku za mapumziko Injinia alivaa gauni lake la manjano, wakatembea barabara za mjini hadi miguu ikauma. Ilikuwa raha tupu.

Kisha kampuni moja ya vivuko ikatangaza kwamba inataka rafadha mpya. Fundi akaweka roho yake yote kwenye ile kazi. Akiikosa, karakana inafungwa, na vijana wake wanarudi nyumbani mikono mitupu. Na rafadha ingepimwa wapi? Kwenye handaki la Injinia.

Hapo ndipo alipotakiwa kumwambia Mkuu wa maabara: huyu mwenye rafadha ni mchumba wangu, mpe mtu mwingine aipime. Hakusema. Kila siku aliahidi kusema kesho, maana aliogopa kunyang'anywa kipimo alichokingoja mwaka mzima. Siku ya siku ikafika, siri ingali kifuani.

Asubuhi ile dirisha likavuja tena, utafikiri limelogwa. Injinia akamwaga maji, akalifungua, akaliziba kwa kipande kilichobaki cha ule mpira wa dukani, akajaza maji mapya ya bomba. Sasa, maji mapya yamejaa hewa. Kanuni ni kuyazungusha kwanza huku pampu inanyonya hewa itoke, na hiyo ni kazi ya nusu siku. Lakini wanunuzi walikwisha fika, wanatazama saa zao. Na Fundi alisimama pale amevaa tai, jamani, tai! Akimtazama kwa macho yanayosema mambo yote hadharani. Injinia akaona akichelewesha tu, watasema anambeba. Akawasha.

Taa ya kumetameta ikawaka, ile inayofanya rafadha inayozunguka ionekane imetulia tuli. Injinia akaanza kupunguza mgandamizo wa maji, kidogo kidogo, maana rafadha nzuri hustahimili bila mapovu hadi kiwango cha mkataba. Mapovu yakatoka mapema, mengi, yakaifunika rafadha yote. Mapovu ya namna hiyo yakipasuka hutafuna chuma na kutikisa meli nzima. Hakuna anayeyataka.

"Imeshindwa," alisema Injinia. Hakuinua macho.

Fundi alipiga simu jioni.

"Ulitaka kuwaonyesha kwamba hunijui, sivyo?"

"Mpenzi, niliona mapovu. Ulitaka nidanganye?"

"Nilitaka unitazame! Hata mara moja! Umenimaliza mbele za watu kama unaua mende."

"Fundi, nisikilize..."

"Karakana nafunga Ijumaa. Usinipigie." Simu ikakatwa.

Injinia alilia hadi pua ikaziba. Kesho yake dada yake mkubwa akaja kumtazama, akammiminia soda. "Kunywa. Wanaume hawajaisha duniani."

"Dada, mimi namtaka huyo huyo."

Dada akacheka. Injinia akabaki anakodolea glasi macho. Mapovu yalipanda, yakapanda, wala hayakutoa kelele ya maana. Akashtuka hadi soda ikamwagika.

Mapovu mabaya ya rafadha hulia! Hulia kwa ukali, kama kokoto kwenye kopo. Na jana, mapovu yote yale, handaki lilikuwa kimya. Ilikuwa hewa tu. Maji yake mapya, haraka yake, woga wake.

Alimkuta Mkuu ofisini, akayamwaga yote mawili, la maji na la mchumba. Mkuu akavua miwani.

"Kwa hiyo umeharibu kipimo, na umenificha mtu. Nikufukuze kwa lipi?"

"Kwa lolote, Mkuu. Lakini irudiwe kwanza."

Mkuu alivaa tena miwani. Akachukua simu, akawaomba radhi wanunuzi. Walikubali irudiwe mara moja tu, Alhamisi. Injinia akavuliwa usimamizi wa vipimo, iwe imefaulu au imeshindwa, na asikanyage chumba cha handaki siku hiyo.

Fundi hakupokea simu. Injinia akamwandikia ujumbe: Kosa lilikuwa langu, si la rafadha yako. Njoo Alhamisi.

Alikuja, safari hii bila tai. Na yeye alizuiwa kuingia chumba cha handaki. Wakakutana kwenye ujia wa nyuma, pale bomba lilipotokeza ukutani, maji yanavuma ndani.

"Nasikia wamekuondoa."

"Wameniondoa."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya maji. Usijipe sifa."

Fundi alitaka kucheka, uso ukamkatalia. Injinia akalaza sikio kwenye chuma baridi, akamvuta na yeye. "Mgandamizo ukifika kiwango cha mkataba, Mkuu hugonga bomba kwa spana, mtu wa pampu ajue. Kokoto zikilia kabla ya spana, tumekwisha."

"Na zikilia baada?"

"Zilie zitakavyo."

Pampu ikabadilika sauti, ikawa nzito. Nyuso zao zilitazamana, kila mmoja akiona jasho la mwenzake.

"Zikilia mapema," alinong'ona Fundi, "bado utanitaka? Bila karakana, bila kitu?"

"Nyamaza, nisikie."

"Nijibu kwanza."

"Nilikutaka una vumbi kwenye nyusi, we mwanamume! Sasa nyamaza."

Ndipo akasikia. Tik. Tik-tik. Akafumba macho. "Imeanza," alisema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe. Imeanza kulia."

"Hapana, hapana, ni mimi." Fundi aliondoa mkono wake kwenye bomba, na sauti ikakoma. Vidole vilikuwa vinatetemeka, na katikati yake palikuwa na pete nyekundu ya shaba. "Nilikuwa naishika tu, ikawa inagonga bomba. Ni shaba iliyobaki kwenye ile rafadha. Nilikuwa nayo mfukoni siku ile ya tai."

Siku ile Fundi alikuja na pete, na Injinia hakumtazama hata usoni. Akaishika ile ngumi ya Fundi kwa mikono yake yote miwili, akarudisha sikio kwenye bomba. Kimya. Pampu ikashuka tena. Kimya bado.

Kng! Spana.

Hawakusogea. Upande wa pili Mkuu akaendelea kushusha mgandamizo, kutafuta mwisho wa rafadha, na baada ya muda kokoto zikaanza kulia ndani ya chuma, kali na nyingi.

"Zimelia," alisema Fundi.

"Zimechelewa," alisema Injinia, akamnyooshea kidole cha pete.