Mdoli Aliyenyonyeshwa

Haya hayakutokea kwa jirani wala sikuyasikia kwa mtu. Yametokea kwangu, kwenye varanda hii hii ninayokaa kuchambua mboga na kusikiliza watu wakigombana. Mimi sikusoma, lakini ugomvi wa familia hii ninao wote kichwani. Nani alianza, nani alinuna, nani aliapa hatakanyaga kwa nani na akakanyaga kesho yake chakula kilipoiva. Ukitaka ukweli njoo kwangu. Usiende kwa mwanangu dereva, yule anajua lori na usingizi, basi.

Huyo dereva mkewe ni fundi cherehani. Mkono wake mzuri, kwa hilo simsingizii. Mdomo ndio hauna breki. Wakati huo mimba yake imefika mwisho mwisho, tumbo limekaa mbele mpaka hafikii sindano, anashona kakaa upande kama mtu aliyeinunia cherehani. Nikimwambia apumzike, ananiambia nguo za watu hazijishoni zenyewe. Haya, shona. Mimi na mboga zangu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, tunamwita Chiriku kwa sababu toka aanze kusema hajanyamaza. Shule bado. Amezoea kila kitu chake: mama wake, bibi wake, hata paka wa watu wake. Alipoambiwa anakuja mdogo wake, akauliza akija atarudi kwao lini. Tulicheka siku hiyo. Kesho yake tukamkuta anamfinya mamake tumbo, taratibu, kimya, meno kayabana.

Nesi wa kliniki akasema huyu mkubwa mtayarisheni mapema, la sivyo mtakuja kumtoa juu ya mwenzake. Mpeni mdoli, mfundisheni kumbeba, kumfuta, kumbembeleza, aone mtoto ni wa kutunzwa. Ushauri mzuri. Wala sina ugomvi na nesi.

Mkwe wangu akatia mkono kwenye gunia lililo chini ya meza ya kukatia. Kila fundi analo gunia hilo, la kazi ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zikikaa sana zinakuwa za fundi, anatolea viraka, anashonea mito. Akavuta kitambaa cha njano chenye maua meupe madogo, laini, kimeshakatwa mikono na kola ya mtoto mchanga, bado kuunganishwa tu.

Kile kitambaa mimi nilikijua.

Ngoja niwaeleze, maana hapa ndipo penye ugomvi. Kilikuwa cha binti yangu wa kwanza, dadake dereva, yaani wifi yake fundi. Ni msusi, ana banda lake kule karibu na kituo cha maji. Alikileta akiwa na mimba yake, ashonewe vinguo. Mtoto akazaliwa. Hakumaliza wiki. Tukamzika hajavaa hata kimoja. Na kwenye msiba huo huo, watu wamekaa chini, mkwe wangu akaanza kutapika. Wanawake wakatazamana. Binti yangu akainua uso, akasema polepole lakini kila mtu alisikia: "Wangu katoka kwangu, kaingia kwako."

Mkwe hakukubali kumezwa na neno hilo. Akamjibu mbele za watu, na alivyomjibu sirudii. Toka hapo hawasalimiani. Wakikutana njiani, mmoja anavuka barabara.

Sasa mafundi wa zamani, kitambaa cha aliyekufa walikuwa wanakirudisha kwa wenyewe, hata kwa kukitundika mlangoni na kuondoka mbio. Nikamwambia mkwe, hicho kirudishe. Akasema amrudishie nani, mtu asiyeitikia salamu? "Kimekaa, mama. Kimekuwa cha fundi." Akakunja, akashona, akajaza vipande tumboni. Macho uzi mweusi. Mdomo uzi mwekundu. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akampa mwanawe.

Chiriku akampokea kama amepokea mtu. Akamshika shingo vizuri kabla hajafundishwa.

Mazoezi yakaanza. Mkwe akishona, mtoto yuko mkekani anafuta mdoli, anambeba, anampigapiga mgongo. Hata mimi nikasema afadhali, amepoa. Tumbo la mamake hakuligusa tena. Lakini na maneno yakapungua. Chiriku, yule wa kuuliza jua linalala wapi, akawa anakaa nusu siku midomo imefungwa, kainamisha sikio kwenye uso wa kile kidude. Ukimuuliza vipi, anakwambia nyamaza, anaongea.

Nikamuuliza anasemaje.

"Anasema yeye ndiye wa kwanza," akaniambia. "Yule wa tumboni kampita kwenye foleni."

Mkwe akacheka. Akasema mtoto huyu ukimpeleka sokoni atauza mpaka mkeka. Mimi sikucheka. Neno foleni nilijua kalitoa kliniki, sawa. Hilo jingine sikujua kalitoa wapi.

Halafu ikaja siku ya ziwa. Adhuhuri kweupe, jua limeiva. Mkwe alitaka mwanawe aelewe kwamba mtoto akija atanyonya, na yeye itabidi asubiri bila kelele. Chiriku akamwekea mdoli mapajani, akasema huyu ana njaa. Mamake kwa utani, kwa kufundisha tu, akafungua kifungo. Akauweka ule mdomo wa uzi kwenye ziwa la kushoto. Akamwimbia hata.

Utani ukakatika.

Nilimwona mkwe wangu mabega yanapanda. Uso umekauka. Akajaribu kumtoa, hakumtoa. Akavuta tena. Ikasikika sauti ndogo, kama mtu anabandua plasta.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna. Akafunga kifungo vibaya, kimoja juu kimoja chini, akarudi kwenye cherehani. Mimi nikamwokota mdoli pale alipoanguka. Mdomo umelowa. Nikanusa. Maziwa.

Jioni hiyo tumbo lilitulia. Mtoto aliyekuwa anarusha mateke mpaka gauni linacheza, kimya. Mkwe akasema amelala. Kesho yake akasema amelala. Kesho kutwa alikuwa anakunywa maji baridi na kujibonyeza ubavuni, anasubiri.

Tukaenda kliniki. Nesi akaweka kile kipembe chake tumboni, akasikiliza huku, akasikiliza kule, akarudi huku. Akasema moyo upo lakini umekuwa mdogo. Tumbo nalo limerudi nyuma. Akamjia juu mkwe wangu: huli? Akajibu anakula. Nesi akasema basi huyu wa ndani hicho chakula hakipati, na akiendelea hivi hafiki. Njooni kila siku, na mkiona kazidi kutulia msingoje asubuhi.

Njiani mkwe alitembea kashika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sufuria lenye ufa. Tulipofika nyumbani nikachukua mkasi. Nikaukata mshono wa mgongo wa yule mdoli, mbele ya wote, kweupe. Nikatia mkono nitoe vile vipande.

Vilikuwa vya moto.

Vimelowa. Vimeshikana. Nikautoa mkono wangu haraka. Chiriku hakulia. Alikuja akamchukua, akamfunika lile tundu kwa kiganja, akanitazama. Bibi yake. Niliyemwogesha tangu alipozaliwa. Alinitazama kama mimi ndiye mchawi.

Sikungoja. Nikaenda kwa binti yangu.

Nilimkuta bandani, mteja yuko chini kasukwa nusu kichwa. Hakushangaa aliponiona. Hakuinuka. Akaendelea kuvuta nywele za watu. Nikamweleza yote, mpaka ziwa, mpaka mkasi. Yule mteja akawa anatafuta kandambili zake kwa mguu.

Binti yangu akasema, "Toka nimzike alikuwa analia sikioni mwangu. Kila jioni. Nilikuwa naziba sikio kwa nguo, analia ndani ya nguo. Siku ile adhuhuri akanyamaza. Nikajua kuna mtu kampa ziwa."

Akashika kitana kwa meno, akagawa nywele, akakitoa.

"Sasa mama unataka nimnyang'anye?"

Nikamwambia kuna mtoto anakufa. Akaniambia wake pia alikufa, na siku ile hakuna aliyekwenda kumpigia mtu magoti. Basi nikapiga magoti. Mimi, mamake, kwenye sakafu yenye nywele za vichwa vya watu. Hakunitazama. Alisema tu wifi yake aje mwenyewe. Aseme alijua kitambaa ni cha nani.

Kumleta mkwe ilikuwa kazi. Alisema afadhali azae njiani. Alisema yule mwanamke ndiye mchawi, kamtegea hicho kitambaa makusudi, na mimi namtetea kwa kuwa ni damu yangu. Nikamwambia toka uje hapa nawatukana wote wawili sawasawa. Akakaa. Akaweka mkono tumboni. Akaungoja mkono ule usukumwe. Haukusukumwa. Akavaa viatu.

Tukaenda watatu, Chiriku nyuma, mdoli mgongoni. Banda lilikuwa tupu, wateja walishapata habari. Wakasimama wanatazamana, mmoja na tumbo, mmoja na kitana.

"Wifi," mkwe akasema, "nilidhani ni kipande cha mteja tu."

Binti yangu akatikisa kichwa. Akainama kuokota uzi, kama kazi imekwisha.

Mkwe wangu akashika nguzo ya banda. Jasho linamtoka. Nikaona midomo inamkauka, nikaona tumbo lile limetulia, limetulia kama mto wa kulalia. Akasema kwa sauti ndogo, mpaka ikabidi nisogee:

"Nilijua. Kola niliikata mwenyewe, ningeisahau vipi. Nilitaka siku ukipita ukione mkononi mwa mwanangu. Kikuume."

Binti yangu akanyoosha mikono.

Chiriku hakutaka. Mamake akamfungua kanga kwa nguvu, akamtoa yule mdoli. Shangazi mtu akampokea, akamnusa mdomo, akafumba macho. Akamfunga mgongoni kwa fundo la kweli, lile la kubebea watu. Akaanza kufagia banda.

"Shangazi," Chiriku akasema, "hajashiba."

Hapo hapo mkwe alipiga yowe, akajishika ubavu, nikaliona gauni linaruka. Teke. Jingine. Yule wa ndani alikuwa anapiga kama mtu aliyefungiwa chumbani na sasa kasikia ufunguo.

Akazaliwa ndani ya wiki hiyo, mchana. Wa kiume, mwembamba, lakini sauti anayo. Dereva akaja na lori lake, akasema anafanana na yeye, tukamwachia. Binti yangu alimzika mdoli pembeni ya mwanawe. Nilikwenda mwenyewe, nikaona udongo umepigwapigwa, nikauongezea wangu. Akasema sikio limepata utulivu, halisikii kilio wala kitu. Akaja hata kumwona mtoto wa wifi yake. Hakumbeba, lakini alikaa, akanywa chai, akamsuka Chiriku. Kutoka akaniambia mlangoni kwamba wake angekuwepo, sasa hivi ndiyo angekuwa anaota meno mawili ya chini. Akaenda zake. Nikasema basi, ugomvi huu nao nimeuzika.

Chiriku alimpokea mdogo wake vizuri. Hakumfinya hata siku moja. Mazoezi yalimsaidia. Kila mamake akikaa kunyonyesha, anakuja mwenyewe, anaweka kitambaa begani, anakaa kushoto kwa mamake, anangoja kwa adabu. Tukamsifu.

Lakini yule mchanga akawa halali. Analia njaa, na maziwa yapo. La kulia ananyonya vizuri. Ukimgeuzia la kushoto, anavuta, anaachia, analia. Tupu. Limelegea. Kila mara. Halijaguswa na limeshakamuliwa. Nesi akasema inatokea kwa wengine, atumie la kulia. Sawa, inatokea.

Jana asubuhi niko kwenye mboga zangu, mkwe akaniita chumbani. Hakuniita kwa kelele. Mtoto yuko kitandani, kalala. Chiriku yuko mkekani, kitambaa begani, anapigapiga kitu ambacho mimi sikioni.

Mkwe akafungua kifungo. Akanionyesha kwa kidole.

Chini ya chuchu ya kushoto palikuwa na vidonda viwili vidogo, vimepangana. Vibichi. Bado vinatoa damu.

Nikamwendea yule mchanga. Nikanawa mkono, nikamfungua kinywa, nikapitisha kidole. Juu, na chini.

Ufizi mtupu.