Mchemsho wa Baba Mkwe

Nyumba yetu ya Kolhapur, India, ilinuka tangawizi kutwa nzima. Korona ilikuwa imerudi kwa nguvu, na baba mkwe wangu, Vasantrao, alikuwa amejipa kazi ya udaktari. Alichemsha tangawizi, manjano, pilipili manga na majani ya mrehani. Sote tulilazimika kunywa.

"Manjiri! Bilauri yako hii hapa."

"Baba, nimekunywa sasa hivi."

"Kunywa tena. Korona haipumziki."

Tumbo lilikuwa linaniwaka moto. Mama mkwe alimwaga mchemsho wake kwenye waridi la barazani, na waridi lenyewe likaanza kunyauka.

Kilichomharibu Baba kabisa ni simu ya wifi yangu, Ketaki, anayeishi Toronto.

"Baba, huku watu wameacha kupeana mikono. Wanasalimiana kwa namaste, viganja vimekutana kifuani, kama sisi! Maziwa ya manjano yanauzwa mikahawani. Majirani zangu wanataka uwafundishe kuvuta pumzi za yoga."

Basi tena! Kila jioni, ambayo kwao ni asubuhi, Baba alikaa mbele ya simu, mgongo wima. Ketaki alitafsiri. Wale Wakanada walimwita guru, yaani mwalimu mwenye hekima. Karani mstaafu wa reli, leo guru! Baada ya pumzi aliwafundisha kupika mchemsho wake. Nao wakapika.

Siku ya Baba ya kuchanjwa ilipofika, nilimkumbusha. Alicheka.

"Dunia nzima inajifunza kwetu, wewe unataka nikadungwe sindano? Bibi yangu alichanjwa nini?"

"Bibi yako alizika watoto," mama mkwe akajibu kutoka jikoni.

"Wewe twanga tangawizi."

Nilimsihi, nikanuna, nikamsihi tena. Ilikuwa kama kuongea na ukuta.

Jioni moja Ketaki alipiga simu kabla ya somo.

"Baba, yule mwanafunzi wako, mzee Walter, ana homa na anakohoa. Mkewe anataka aende hospitali, yeye hataki. Anasema guru kasema mchemsho unatosha."

Baba alijaa fahari. "Mwambie aongeze pilipili manga."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilitoka nikamgongea jirani yetu Kusum, ambaye ni nesi. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu. Alivaa barakoa, akaja akasimama mlangoni kwetu. Hakuingia.

"Ketaki," aliita kwa sauti, "huyo mzee anaweza kuongea bila kukatika pumzi?"

"Hapana, dada Kusum. Mkewe yuko kwenye simu yangu nyingine, anasema anahema kila baada ya neno."

"Midomo yake ina rangi gani?"

"Mkewe anasema imekuwa kama ya bluu."

"Basi ni gari la wagonjwa, sasa hivi!"

"Kusum," Baba akaingilia, "manjano ni dawa tangu enzi za mababu."

Kusum alifumba macho kidogo, kama mtu anayejizuia kupiga kelele.

"Kaka Vasantrao, nisikilize. Namaste ni nzuri, watu hawagusani. Kuvua viatu nje na kunawa, vizuri. Pumzi zako zinamtuliza mtu aliyefungiwa ndani. Maziwa ya manjano yanalainisha koo. Endelea navyo. Lakini haviponyi korona, wala haviizuii. Mapafu yakishindwa, mtu anahitaji oksijeni, na oksijeni haichemshwi kwenye sufuria. Kinachopunguza hatari ya kuzidiwa ni chanjo. Leo nimefunika maiti za watu ninaowajua, kaka. Wote walikuwa na manjano jikoni."



"Baba," Ketaki akasema, "Walter hamsikilizi mtu mwingine. Ngoja nimuunge kwenye simu."

Uso wa Walter ukatokea, umepauka, mdomo wazi. Aliinua viganja vyake, akavikutanisha kifuani. Baba alimtazama. Halafu akaongea mwenyewe, kwa kile Kiingereza chake cha stesheni.

"Walter, nilikosea. Nenda hospitali."

"Lakini guru..."

"Mimi si guru! Mimi nilikuwa nakata tiketi za treni. Nenda, Walter. Tafadhali nenda."

Walter alienda. Alikuta nafasi, akawekewa oksijeni. Siku zile Baba hakula vizuri. Simu ikilia, anaruka. Hakuna aliyemwambia aende kuchanjwa. Alijiendea mwenyewe alfajiri, na nilipofika kituo cha chanjo na kiamsha kinywa chake nilimkuta yuko mbele kabisa ya foleni, barakoa mbili usoni.

Baada ya wiki kadhaa Walter alirudi kwenye somo, amekonda, anacheka. Tangu hapo, kabla hajafundisha pumzi hata moja, Baba anauliza: Nani ana homa? Nani anahema? Nani hajachanjwa? Mwenye dalili anaambiwa ampigie daktari kwanza.

Nilidhani tutapumzika. Wapi! Sasa mtaa mzima unamkimbia. Anasimama mlangoni akimhoji kila mpita njia. Jana alimsindikiza muuza maziwa mpaka kituo cha chanjo, wakibishana njia nzima. Muuza maziwa amerudi amechanjwa, na bado wanabishana.