Kona Iliyoacha Kulia

Nimefunga breki zote na treni haisimami.

Magurudumu yamekabwa, hayazunguki, lakini tunateleza tu kuteremka... Mabehewa sita, watu zaidi ya mia tatu nyuma yangu, na stesheni inanipita dirishani. Abiria wamesimama na mabegi yao wananishangaa.

Nikafungua mchanga. Kwa wasiojua, injini ina sanduku la mchanga mkavu. Reli ikiteleza, unaumwaga mbele ya magurudumu ili yapate kushika. Niliumwaga wote, treni ikaendelea na safari zake.

Mbele yangu kuna behewa la mafuta limeegeshwa.

Tulisimama mita nne kabla yake. Nilizipima kwa hatua zangu mwenyewe.

Nikarudi kwa miguu hadi kwenye kona ya kabla ya stesheni, pale tunapofungia breki, nikapangusa juu ya reli kwa leso yangu. Ilitoka nyeusi, inateleza. Grisi.

Grisi kwenye kona si ajabu. Pale pana sanduku la bati linalodondosha kidogo kidogo ubavuni mwa reli, mahali gurudumu linaposugua, ili chuma kisilike na kelele ipungue. Nimesema ubavuni. Ukifungulia nyingi inapanda juu, na juu ndipo breki inapotegemea. Hata anayefagia stesheni analijua hilo.

Msimamizi wa njia ya reli ndiye aliyefika wa kwanza. Msimamizi mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja. Mtu wa tai na viatu vya kung'aa, tangu apewe cheo hajawahi kuinama akagusa reli. Nikamshukuru Mungu kwamba amekuja ndugu. Kumbe...

"Shemeji, tazama hii."

Akaitazama leso kama nimemwonyesha kamasi.

"Ulifunga breki wapi?"

"Kwenye kibao cha breki, kama siku zote."

"Una uhakika?"

"Miaka kumi na moja naendesha, shemeji, unaniuliza kama nina uhakika?"

Akawaita vibarua wakafuta reli kwa mafuta ya taa mpaka ikatakata. Eti usalama kwanza. Kesho yake ripoti ikatoka: dereva alichelewa kufunga breki.

Nikanyang'anywa leseni. Kamati ya uchunguzi ingekaa wiki inayofuata, na nikishindwa pale siendeshi tena maisha yangu yote. Mimi niliyeanza kwa kupiga deki mabehewa!

Nikampigia simu.

"Shemeji, umeamua kunimaliza?"

"Usichanganye undugu na kazi."

"Na ile grisi?"

"Itakuwa imevuja kwenye injini yako. Kubali kosa yaishe, nitakutafutia kazi ya kukata tiketi."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Ngoja niwaambie kuhusu nyumba yake, ndiyo mtamjua vizuri. Vioo vya bluu, geti lenye vichwa vya simba, na yote hayo kayajenga mgongoni mwa kona ile ile. Mtu wa reli, mwenye cheo cha reli, kakimbilia kiwanja cha kona kwa kuwa kilikuwa rahisi. Treni zikipita pale zinalia mpaka meno yanakufa ganzi. Siku ya kuhamia, wageni waliziba masikio, na mama yetu akamuuliza mkwewe mbele ya watu kama choo nacho kakijenga juu ya reli. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Na mimi, mjinga mwenzenu, wiki tatu kabla ya siku ile niliona kona imenyamaza. Nikasema afadhali. Nilipokaa nyumbani bila leseni ndipo akili ikanirudia... lakini ushahidi ningeutoa wapi? Kumuuliza dada ni kumwambia amchome mumewe. Nilishindwa.

Siku ikafika. Kamati ni watu watatu, na mwenyekiti wao ni mama mmoja mkavu asiyecheka na mtu. Akasema twende konani.

Shemeji akalifungua sanduku mwenyewe. Kipimo kiko sawa, tone moja moja. Reli safi.

"Hili halijaguswa tangu mwaka jana," akasema, halafu akanitabasamia.

Nikajua alishalirekebisha usiku wa kuamkia siku ile, na nikajua nimekwisha.

Ndipo ikaja treni ya saa nne asubuhi. Ikaingia konani... ikalia. Ililia mpaka mwenyekiti akaziba masikio.

Geti la simba likafunguka. Dada yangu huyo, taulo kichwani, mtoto begani anapiga yowe.

"Baba watoto, mbona zimeanza tena? Si ulifungulia grisi zikanyamaza?"

Shemeji akamkimbilia.

"Mke wangu, ingia ndani."

"Niingie ndani na mtoto umeniamshia? Mwezi mzima tumelala raha. Nani kaifunga?"

Mwenyekiti akageuka taratibu. "Mama, umesema nani aliifungulia?"

Dada akatutazama mmoja mmoja. Akaniona mimi, akaiona tai ya mumewe ilivyolowa jasho. Dada yangu si mjinga, alielewa pale pale. Angeweza kuyameza maneno yake, na mimi nisingemlaumu.

"Yeye," akasema. "Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyemshikia spana. Aliniambia ananizawadia kimya." Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, sikujua kama ndiyo iliyotaka kukuua."

Nikalia pale pale kwenye mataruma ya reli, sioni aibu kusema.

Leseni nikarudishiwa. Shemeji aliomba wamwachie japo kazi ya kukata tiketi, wakamnyima.

Njia ya mwongo ni fupi, hilo mnalijua. Mimi naongeza langu: kitu kikilia, kiulize kinalilia nini kabla hujakiziba mdomo. Na kikinyamaza ghafla, uliza mara mbili. Mimi sikuuliza, na watu mia tatu walibakiwa na mita nne.

Siku hizi nikifika konani napiga honi. Dada hutoka na mtoto, wananipungia mkono. Yule bwana huvuta pazia.