Kumi Lililolipwa Mara Mbili

Katika ranchi ya Coolabri, magharibi ya Queensland, siku ilianza kwa sala na nyama ya kukaanga. Des Tierney alikula akiwa amesimama, akavaa kofia yake, akaenda zizini. Mkewe, Noeleen, aliondoa vyombo na kufuta meza. Akaweka kitabu cha hesabu, penseli na kifutio. Kisha akamwita binti yao, Kerrin, mtoto wa miaka minane.

Shule ilikuwa pale pale jikoni. Mji ulikuwa mbali, na mvua ikinyesha barabara ilikuwa tope tupu. Jirani zao wengi walisomesha watoto nyumbani. Noeleen alikuwa na sababu moja zaidi. Alimwona mtoto kuwa ni amana ya Mungu, na amana hutunzwa karibu.

Kusoma, Kerrin alisoma vizuri. Zaburi alizisoma kwa sauti bila kukwama. Shida yake ilikuwa hesabu za kutoa.

"Umekosa tena," Noeleen alisema asubuhi hiyo. "Hamsini na mbili toa ishirini na saba. Umeandika kumi na tano."

"Nimefanya kama ulivyonifundisha, Mama."

"Mimi nilikufundisha uandike kumi na tano?"

"Hapana."

"Basi hukufanya nilivyokufundisha. Rudia."

Kerrin alirudia. Ikawa kumi na tano tena.

"Sikiliza kwa masikio, si kwa pua," Noeleen alisema. "Mbili haitoshi kutoa saba. Kopa kumi. Sasa ni kumi na mbili. Toa saba, zinabaki tano. Halafu deni unalilipa wapi?"

"Chini."

"Chini. Ile mbili ya chini inakuwa tatu. Masista walinifundisha hivyo, na sijakosea mpaka leo. Wewe unakosea kwa sababu akili yako iko nje na mbwa."

Kerrin alinyamaza. Alikuwa ameanza kunyamaza sana siku hizo. Noeleen aliliona hilo, akalichukulia kuwa ni ukaidi.

Kitabu kile Noeleen alikiagiza kwa posta. Katika orodha ya muuzaji kulikuwa na vitabu viwili: kitabu cha mwanafunzi na kiongozi cha mwalimu. Aliagiza cha mwanafunzi peke yake. Wanawake wa kanisa walipomuuliza, alicheka.

"Kiongozi cha nini, jamani?" alisema mbele ya wote, baada ya ibada, wakinywa chai. "Hesabu za mtoto wa miaka minane? Mzazi asiyeweza kutoa ishirini na saba kwenye hamsini na mbili arudi yeye darasani."

Wengine walicheka naye. Bi Thelma Gadsby hakucheka. Huyu alikuwa mjane wa ranchi ya jirani, na alikuwa amesomesha watoto wanne kwenye meza yake. Alikoroga chai yake tu.

Basi ikaja siku ya kupakia ng'ombe. Lori kubwa lilikuwa limesimama kwenye zizi, na dereva alikuwa ameegemea nguzo akijisokotea sigara. Des alikuwa na furaha. Alitaka kumwonyesha mgeni binti yake.

"Haya, mwalimu mkuu," alimwambia Kerrin. "Zizini walikuwa maksai sitini na watatu. Tumepakia ishirini na wanane. Wamebaki wangapi?"

Kerrin alichuchumaa. Akaandika kwa kijiti kwenye vumbi, polepole, huku ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

"Ishirini na watano, Baba."

Dereva alitazama zizini, akatazama vumbi, akacheka. "Bwana Tierney, hao kumi wengine wameruka ua?"

Des hakucheka. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni. "Mwaka mzima wa kukaa mezani na mama yako," alisema. "Hata mbwa wangu anajua kondoo mmoja akipotea."

Kerrin alifuta vumbi kwa kiganja. Alifuta na pale ambapo hakuandika kitu.

Jioni, kwenye meza ya chakula, Des alisema maneno machache tu. Likizo ikiisha, Kerrin atakwenda mjini. Atakaa bwenini na kusoma shule ya serikali. Alikuwa ameshampigia simu mama wa bweni.

"Ana miaka minane, Des," Noeleen alisema.

"Na hajui kutoa. Umejaribu, mke wangu. Hukuweza."

Kerrin aliendelea kula viazi vyake. Hakulia. Noeleen alitamani angelia.

Siku chache baadaye Bi Thelma alifika na pikapu yake, na ndoo ya malimau kwenye kiti cha mbele. Alimkuta Noeleen amekaa jikoni, mikono mapajani, na kitabu cha hesabu kimefungwa. Noeleen alimweleza yote. Aliyaeleza kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aitupe wapi.

"Nimemfundisha mpaka koo limekauka," alisema. "Labda ni kweli. Labda Mungu hakumpa kichwa cha hesabu."

"Mungu tumwache kwanza," Bi Thelma alisema. "Kerrin, mjukuu wangu, njoo. Sikuulizi jibu. Nionyeshe tu unavyofanya. Nieleze kama vile mimi sijui."

Kerrin alimtazama mama yake, kisha akashika penseli. Akaandika 52, na chini yake 27.

"Mbili haitoshi," alisema kwa sauti ndogo. "Nakopa kumi. Inakuwa kumi na mbili. Toa saba, tano. Hapa juu kitabu kina kisanduku, kwa hiyo tano naikata, naandika nne. Halafu nalipa chini kama Mama alivyosema. Mbili inakuwa tatu. Nne toa tatu, moja. Kumi na tano."

Bi Thelma akasema, "Rudia pale kwenye kisanduku."

"Tano inakuwa nne. Kitabu kinaonyesha. Na chini nalipa. Mama anasema nisisahau kulipa."

Bi Thelma alisimama. Akatoka nje kwenye kamba ya nguo, akarudi na kikapu cha vibanio. Akavifunga kumi kumi kwa mipira myembamba ya kufungia, mafungu matano, na viwili akaviacha huru.

"Hivi ni hamsini na viwili," alisema. "Nipe saba."

"Viwili havitoshi."

"Ufanyeje?"

Kerrin alifikiri. Akachukua fungu moja, akalifungua. Vibanio vikatawanyika mezani. Akahesabu saba, akampa Bi Thelma.

"Mafungu mangapi yamebaki?"

"Manne. Lile moja nimelivunja."

"Ndiyo ile nne kwenye kisanduku. Sasa nipe mafungu mawili, ya ile ishirini."

Kerrin akatoa mawili. Yalibaki mawili, na vibanio vitano. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Ishirini na tano," alisema. "Lakini sijalipa chini."

"Kuna deni gani tena? Fungu umelivunja wewe mwenyewe, na limekwisha kupungua."

Noeleen alikuwa amesimama kwenye jiko. Alikuwa amelielewa jambo lote.

"Njia yangu si ya uongo," alisema.

"Si ya uongo. Na mimi nilifundishwa hiyo hiyo," Bi Thelma alisema. "Wewe unaongeza kumi juu na kumi chini. Tofauti haibadiliki, jibu linatoka. Kitabu hiki hakiongezi. Kinavunja kumi la juu. Jibu linatoka pia. Ni njia mbili, kila moja ina mwendo wake. Mtoto amezifuata zote mbili katika hesabu moja. Kumi lake amelilipa mara mbili. Ndiyo maana kila jibu linapungua kumi kamili. Mzembe hakosei hivyo, mdogo wangu. Mzembe hukosea ovyo. Huyu alitii kitabu, na akakutii wewe."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

Noeleen alitazamia kufarijiwa. Bi Thelma alichukua limau kwenye ndoo, akaligeuza mkononi.

"Ndiyo," alisema.

Kerrin alikuwa akivifunga vibanio upya, kumi kumi. "Bi Thelma," alisema bila kuinua kichwa, "basi sihitaji kichwa kingine? Nilikuwa namwomba Mungu anibadilishie. Kila siku baada ya sala ya Mama."

Noeleen aligeukia dirisha.

Bi Thelma alipokwenda kwenye gari lake, Noeleen alimfuata. "Ule mdomo wangu kanisani," alisema. "Ulikuwa unasikia."

"Nilisikia. Ningesema siku ile, ungenisikiliza?"

"Hapana."

"Basi." Bi Thelma aliinama, akatoa nyuma ya kiti kitabu kipana chenye jalada lililokunjika. "Hiki ni kiongozi cha kitabu hicho hicho. Mtoto wangu wa mwisho alikitumia. Kisome kabla hujanunua chako."

"Kwa hiyo kila mzazi lazima awe nacho? Kila mwaka?"

"Nani kasema kila mwaka? Mwaka wa kwanza, wa kuhesabu vidole na vitunguu, sikukinunua. Kingine nilikinunua kikawa majibu matupu, na kutoa na kujumlisha najua mwenyewe. Kile nilikijutia. Tazama kurasa zake kwanza, au azima kwa mtu. Kama ni majibu tu, kiache. Kama kinakuambia kwa nini kitabu kinafanya hivi, na mtoto hukosea wapi, na umwulize nini, hicho ni mali."

"Na nitajuaje kwamba nakihitaji?"

"Ukiona kitabu cha mtoto kina kitu usichokijua, kama vile visanduku, usikiruke. Uliza. Ukiona mtoto anakosea kosa lile lile kila siku, uliza. Na kama unajua kufanya lakini huwezi kueleza kwa nini, hapo kichukue upesi. Kujua hesabu ni kazi moja. Kumfundisha mtoto hesabu ni kazi nyingine. Mimi nilijifunza hilo kwa mwanangu mkubwa, na hesabu anazichukia mpaka leo. Wewe umewahi kabla wako hajazichukia."

Noeleen alikisoma kiongozi kile mchana, wakati Kerrin akilisha kuku. Katika sura ya kutoa kulikuwa na mchoro wa vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Chini yake kulikuwa na onyo la mistari miwili: kama mzazi alifundishwa njia ya kulipa chini, asiichanganye na njia ya kitabu, achague moja. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kawaida tu. Alikuwa amekataa mistari miwili.

Des alipoingia, Noeleen alimweleza kabla hajavua viatu. Hakujitetea.

"Kwa hiyo mtoto ni mzima," Des alisema, "na mama ndiye mgonjwa."

"Ndiyo. Mpigie mama wa bweni umwambie haji."

"Nitampigia nikiona."

Noeleen alimwomba Kerrin msamaha, wakaanza upya na vibanio. Noeleen aliiacha njia ya masista. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani, maana mdomo wake ulitaka kusema "lipa chini" wenyewe, na mara nyingi alilazimika kuuma maneno. Kila somo alilisoma kwenye kiongozi kwanza. Walivunja mafungu ya vibanio, kisha wakachora mafungu, kisha wakaandika namba peke yake. Aliacha kusema "umekosa." Alisema maneno ya kile kitabu: "Nionyeshe ulivyofanya."

Wiki ya mwisho ya likizo Des alikuwa akiwatenga ndama. Alimwita Kerrin kwenye geti. Noeleen alikuja nyuma, akasimama mbali.

"Walikuwa ndama sabini na wanne," Des alisema. "Thelathini na wanane wamepita. Huku wako wangapi?"

Kerrin alichuchumaa. Akaandika kwenye vumbi. Akaikata saba, akaandika sita juu yake. Chini hakugusa kitu.

"Thelathini na sita."

Des aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Alipomaliza alifungua geti. "Haya, watoe," alisema. Hakusema samahani kwa maneno ya siku ile ya lori. Baadaye Noeleen alimsikia kwenye simu akimwambia mama wa bweni kwamba kitanda apewe mtoto mwingine.

Kerrin alibaki nyumbani. Noeleen alipiga magoti akashukuru. Siku ya Jumapili alisimama mbele ya wale wanawake wa kanisa, akasema alichosema kuhusu kiongozi cha mwalimu kilikuwa kiburi, na akaeleza kumi lililipwaje mara mbili. Wawili waliomba kukiazima.

Muhula mpya ulipoanza, alikaa mezani karibu na binti yake kama zamani. Kerrin hakuandika. Penseli ilikaa tu juu ya karatasi.

"Nini, mwanangu?"

"Mama, naomba ukae kule kwenye sinki. Nikimaliza nitakuita."

"Nilikuomba msamaha, Kerrin."

"Nimeshakusamehe. Lakini ukikaa hapa namba zinakimbia."

Kwenye kiongozi hakukuwa na ukurasa wa jambo hilo. Noeleen alisimama, akaenda kwenye sinki, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nyuma yake penseli ilianza kukwaruza. Ilikwaruza muda mrefu.

"Nimemaliza."

Zilikuwa hesabu kumi. Tisa zilikuwa sawa. Ya mwisho ilikuwa tisini toa thelathini na nne, na Kerrin alikuwa ameandika sitini na nne. Noeleen aliliona kosa mara moja. Kerrin hakutazama karatasi. Alikuwa akitazama uso wa mama yake.

Noeleen alirudi nyuma hatua moja, hadi kwenye sinki.

"Hii ya mwisho," alisema. "Nionyeshe ulivyofanya."

Kerrin alisubiri kidogo, kana kwamba kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Akainamia karatasi.

"Sifuri haitoshi kutoa nne," alianza. "Hapa nimegeuza, nimetoa sifuri kwenye nne. Ngoja. Nilipaswa kuvunja fungu." Akaikata tisa, akaandika nane. "Hamsini na sita. Usije, Mama. Naiandika mwenyewe."