Chakula cha Saa Tatu na Dakika Hamsini na Nane

Eusebio Talamantes alikutwa nyuma ya mashine ya kuchambulia pichi saa tano na dakika arobaini asubuhi, Jumanne ya pili ya Julai, amelala kifudifudi kwenye sakafu iliyolowa maji ya kuoshea matunda. Wenzake walipomgeuza alikuwa ameshakata roho. Joto ndani ya kiwanda hicho, kusini mwa Fresno, lilikuwa nyuzi mia moja na nne za Farenhaiti, yaani arobaini za Selsiasi. Walimtoa nje, wakamfunika koti, na kazi ikaendelea mpaka saa nane na nusu.

"Mkanda wa mashine haukusimama hata dakika moja?" Mai See Thao aliuliza Alhamisi asubuhi.

"Pichi hazisubiri mtu," alijibu Dwight Hallstrom, mwenye kiwanda. "Zinaiva, zinaoza. Nasikitika, lakini ndiyo kazi yenyewe."

Mai See aliuma meno. Alikuwa mkaguzi wa kazi wa jimbo la California kwa miaka kumi na sita, na wazazi wake, wakimbizi wa kabila la Wahmong waliokuja na nguo za mwilini tu, walilima stroberi maili nne kutoka hapo. Watu wa aina ya Hallstrom aliwajua tangu utotoni. Walisikitika vizuri sana, hasa wakiwa wamekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha kabla haijaanza. Kompyuta ya mahudhurio ilionyesha kuwa siku ile wafanyakazi walipumzika na kula. Nakala iliyohifadhiwa na watengenezaji wa mfumo ilisema vingine: mpaka saa saba mchana hakukuwa na mapumziko yoyote, kisha saa saba na dakika ishirini mtu akaingia na kuyaongeza. Namba ya siri iliyotumika ilikuwa ya Nicanor Zepeda, nyapara. Mezani palikuwa na karatasi ya kumkabidhi Nicanor kwa polisi saa nane mchana, ikingoja sahihi ya Mai See. Akisaini, nyapara ataozea jela, na kampuni itanawa mikono.

"Nilimwamini yule bwana," alisema Hallstrom. "Amenivunja moyo."

"Hapa watu wanakula saa ngapi, Bwana Hallstrom?"

"Saa tano, saa tano na nusu. Wanaingia saa kumi na moja alfajiri. Sheria si inasema baada ya saa sita za kazi?"

Mai See aliandika tu, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Mtu wa pili kuhojiwa alikuwa Meredith Kopp, mshauri wa utumishi na sheria za kazi. Alikuwa na ofisi yake hapo kiwandani, na mashamba mengine ishirini na mawili yalifuata miongozo aliyoiandika. Alimkaribisha Mai See kwa maji baridi na jalada nene lenye kurasa mia mbili.

"Kila kitu kimo humu," alisema. "Maji, kivuli, malalamiko, mapumziko. Chakula lazima kianze kabla saa ya tano ya kazi haijaisha. Nimewaimbia wimbo huo mpaka nimechoka."

"Na nani hakukusikiliza?"

Meredith alishusha pumzi. "Sipendi kumsema mtu vibaya. Lakini Nicanor ni mtu wa zamani. Kwake mashine ikijaa, mambo yameisha. Alipoona mtu amekufa, akaingiwa na hofu."

"Anadai wewe ndiye uliyemwomba namba yake ya siri mchana ule, ili uchapishe orodha ya wafanyakazi."

"Ungekuwa wewe unakabiliwa na jela, si ungesema hivyo hivyo?"

Nicanor alikuwa amekaa kwenye kreti nje ya chumba cha baridi, kofia mikononi. Alikuwa mtu wa miaka sitini, shingo imebabuka kwa jua. Mtoto wa mwisho wa Eusebio yeye ndiye aliyemsimamia ubatizo.

"Mama inspekta, ile kompyuta mimi naiogopa," alisema. "Nafungua, nahesabu watu, nafunga. Basi."

"Watu wanaoingia saa kumi na moja wanatakiwa wawe wameanza kula kabla ya saa ngapi?"

"Mashine ikipumua. Saa tano. Siku nyingine saa sita."

"Sheria inasemaje?"

"Sheria?" Nicanor alicheka bila furaha. "Sheria huku ni bosi akinyanyua mkono. Jumanne hakuunyanyua. Eusebio, kompadre wangu, alishaanza kuyumba saa nne, nikamwambia vumilia, lori linakaribia kujaa. Mimi ndiye niliyemwambia." Akaifinyanga kofia. "Kama ni jela, nipelekeni kwa hilo. Lakini kughushi sikughushi."

Mai See alitaka kumpiga kofi, na papo hapo alitaka kumshika mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda kukaa ndani ya gari lake, akawasha kipoza hewa, akaifungua orodha ya Jumanne na kuisoma mstari kwa mstari.

Wafanyakazi arobaini na mmoja. Arobaini kati yao waliandikiwa chakula, wote kati ya saa tatu na dakika hamsini na sita na saa tatu na dakika hamsini na tisa. Eusebio alipewa saa tatu na dakika hamsini na nane. Mfanyakazi mmoja tu ndiye aliyeachwa bila kitu: Yesenia Cuevas, aliyeingia saa moja na nusu na kutoka saa saba.

Alimtafuta Yesenia, akamkuta kwenye meza ya kupanga masanduku.

"Jumanne ulikula?"

"Nani alikula Jumanne?" Yesenia hakuacha kupanga. "Lakini mimi huwa sili kabisa. Nampeleka mama kusafishwa damu saa nane, nataka nitoke mapema. Kama zamu haizidi saa sita, unaruhusiwa kuacha chakula kwa maandishi. Nilisaini."

"Nicanor anajua?"

"Huyo? Kila siku ananitania, 'We dada, unakula hewa?' Sikumwambia, angetangaza mama yangu anaumwa. Nilisaini kwa Meredith, karatasi akaifungia kwenye droo yake."

"Bosi je?"

"Bosi hata jina langu halijui."

Saa saba na nusu mchana wote watatu, Hallstrom, Meredith na Nicanor, walikuwa ofisini kwa Hallstrom. Mai See hakuketi. Aliiweka orodha mezani, juu ya karatasi ya polisi.

"Aliyeghushi hapa alikuwa na kazi ndogo tu, kuwaandikia watu chakula," alisema. "Bwana Hallstrom angewaandikia saa tano, kwa sababu anaamini sheria ni saa sita. Nicanor naye angeandika saa tano, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Mtu wetu ameandika kabla ya saa nne kamili. Watu wameingia saa kumi na moja, saa ya tano inaisha saa nne. Kawahi kwa dakika chache tu."

"Nicanor angeweza kuyasoma hayo kwenye mwongozo wangu," alisema Meredith.

"Sawa. Na Yesenia?"

Meredith alishika ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake.

"Mtu mwingine yeyote angewaandikia wote arobaini na mmoja na kwenda zake. Huyu alimruka Yesenia, maana alijua ana karatasi ya kuacha chakula. Ipo kwenye droo yako, Meredith, na ufunguo uko shingoni mwako. Hilo ni kosa ambalo lisingefanywa na mwingine. Wewe hata ukidanganya, unadanganya kwa kufuata sheria!"

Hallstrom aligeuka. "Meredith?"

"Usijitie mshangao," Mai See alimkatiza. "Wewe zamu yako inakuja. Mkanda ni wako."

Meredith aliivuta orodha karibu, akaitazama kama anayetafuta kosa la hesabu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu.

"Mwezi wa tano mlituandikia onyo kuhusu chakula. Mwezi wa sita niliwajibu, nikasaini kwamba tumerekebisha. Jina langu. Jumanne ingejulikana kwamba hakuna kilichorekebishwa, mngeingia mashamba yote ishirini na matatu. Miaka kumi na minne ya kazi yangu."

"Ulikuwa umerekebisha?"

"Nilituma barua pepe."

"Kwa nani?"

"Kwa Dwight. Mara nne."

"Mimi barua ndefu sisomi," alisema Hallstrom.

Nicanor alisimama. "Namba yangu nilikupa wewe!" Alimwelekezea Meredith kofia yake. "Nilikuwa nalia, ukanipa tishu, ukanishika bega, kumbe unanichimbia kaburi!"

"Ulikuwa nyapara," alisema Meredith taratibu, bila kumtazama. "Lawama ingekuangukia tu, hata nisingefanya kitu. Na mimi sikumuua mtu. Nilichoandika ndicho kilichopaswa kuwa."

Hapo ndipo hasira ya Mai See, iliyokuwa ikichemka tangu asubuhi, ilipofurika.

"Ndicho kilichopaswa kuwa? Jumanne saa tatu na dakika hamsini na nane ulikuwa wapi?"

"Hapa. Ofisini."

"Kutoka ofisini kwako mpaka kwenye mashine ni hatua ngapi?"

Meredith aliigeuza orodha kifudifudi.

"Nimezihesabu. Thelathini na moja. Hapa wote walikuwa wajinga wa sheria, isipokuwa wewe. Uliijua mpaka dakika yenyewe ambayo yule baba alitakiwa akae chini, anywe maji, afungue chakula chake. Alikuwa hai dakika hiyo, Meredith. Ulisubiri afe ndipo ukampa chakula."

Nje mkanda uliendelea kunguruma.

Mai See aliichana karatasi ya polisi yenye jina la Nicanor, akaandika nyingine mbili, ya Meredith na ya Hallstrom. Nicanor aliuliza kama sasa yuko huru.

"Kwa kughushi, ndiyo," alisema Mai See. "Kwa ile 'vumilia' uliyomwambia, utakwenda kumweleza mke wake mwenyewe. Leo. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Nicanor alivaa kofia, akatoka.

Mai See alimfuata mpaka kwenye mashine, akabonyeza kitufe chekundu. Mkanda ulijikokota, ukasimama, pichi zikagongana na kutulia. Watu walibaki mikono ikiwa hewani, wakimtazama, kisha wakamtazama Hallstrom aliyesimama mlangoni, wakingoja anyanyue mkono.

"Msimwangalie yeye," Mai See alipaza sauti. "Kaeni. Kuleni."